Maziwa kwanza au msitu kwanza? Jibu kwa anayejiandaa na mzunguko wa kilomita 42

"Shikamoo mwalimu," ameniandikia msomaji. "Nina miaka 41 na huendesha baiskeli kila Jumamosi, kilomita 15 hadi 20, barabara tambarare. Marafiki zangu wanne wamenialika kwenye mzunguko wa kilomita 42 unaopita kando ya maziwa mawili kisha unapanda msituni. Programu ya simu inauita wa ugumu wa wastani, kupanda jumla mita 480. Nakutumia ramani. Baiskeli yangu ina gia 21 na tairi za milimita 40. Je, nitauweza? Halafu tumegawanyika: wawili wanataka tuanze na maziwa, wawili wanasema tupande mlima mapema nguvu zikiwa bado zipo. Kura ya mwisho ni yangu. Tuanzie upande upi?"

Marahaba, mdogo wangu. Nitaanza na lile la mwisho, kwa sababu hilo ndilo litakaloamua kama utarudi nyumbani umefurahi au umevunjika magoti. Anzeni na maziwa. Na kama utajipa wiki nne za maandalizi, mzunguko huu utauweza vizuri kabisa.

Sasa nikueleze kwa nini, maana wenzako wawili hawajakosea kwa kila jambo na ni haki yao kupewa sababu.

Nimekaa na ramani yako jioni nzima. Mkianza na maziwa, mna kilomita 17 za kando ya maji, barabara ikipandapanda na kushuka kidogo. Kisha kilomita 6 za kupanda msituni, mita 270 kwenda juu. Hapo njia inatulia juu ya mgongo wa kilima kwa kilomita 6 nyingine, bado ndani ya miti. Halafu inaporomoka: kilomita 3 tu kurudisha chini zile mita 270. Mwisho ni kilomita 10 za mahali pa wazi hadi mlikoanzia. Yaani kilima ni kimoja lakini kina pande mbili tofauti. Upande wa ziwani unapanda kwa asilimia 4.5, maana yake kila mita 100 unazosonga mbele unainuka mita 4 na nusu. Upande wa pili ni asilimia 9.

Wenzako wanaotaka mlima kwanza watakuambia urefu wa kupanda ni uleule. Ni kweli, hata muda unakaribiana. Chukulia wewe, baiskeli na maji yako mna kilo 80 kwa jumla, na miguu yako inatoa wati 110, kiasi ambacho mtu wa mazoezi yako anaweza kukishikilia kwa nusu saa na ushee. Kwenye asilimia 4.5 utakwenda kama kilomita 9 kwa saa, na zile kilomita 6 zitakuchukua dakika 40 hivi. Kwenye asilimia 9 utakwenda kilomita 5 kwa saa, na zile kilomita 3 zitakula dakika 36. Tofauti ya dakika nne si kitu. Tofauti iko kwenye goti.

Nenda kwenye baiskeli yako sasa hivi uhesabu meno. Kwenye baiskeli nyingi za gia 21, gurudumu dogo la meno la mbele lina meno 28, na lile kubwa kabisa la nyuma lina 28 pia. Kama ndivyo ilivyo, ukizungusha pedali mara moja gurudumu la nyuma nalo linazunguka mara moja, na unasogea kama mita 2.1. Hiyo ndiyo gia yako nyepesi kuliko zote. Chini yake hakuna kitu. Kwa kilomita 9 kwa saa, gia hiyo inakupa mizunguko 70 na kidogo ya pedali kwa dakika. Ni mwendo mzuri, miguu inazunguka laini na pumzi unaitawala. Kwa kilomita 5 kwa saa inakupa mizunguko 40 tu. Hapo hunyongi tena, unakanyaga. Kila mkanyago goti linabeba mzigo mzima, usukani unayumba huku na huku kwa sababu baiskeli inayokwenda mwendo wa mtu anayetembea haitaki kusimama wima, na ukipita kwenye changarawe gurudumu la nyuma linateleza. Unaweza kushuka na kusukuma, wala si aibu, nimesukuma mara nyingi. Lakini kusukuma kilomita 3 saa ya kwanza ya safari kunamtoa mtu moyo kabla hajaona hata tone la ziwa.

Sababu ya pili ni miguu yenyewe. Misuli ya mtu aliyetoka kitandani si misuli ya kupelekwa mlimani. Kilomita 17 za kando ya maji zitaipasha moto polepole, na mkifika chini ya kilima mwili utakuwa umeshaamka. Huko ndiko "nguvu zikiwa bado zipo" kunakopatikana kwa kweli: saa moja baada ya kuanza, kama hamkushindana njiani.

Sababu ya tatu ni upepo, na hii watu wa bara husahau kabisa. Nchi kavu hupata joto haraka kuliko maji. Jua likishapanda, hewa iliyo juu ya ardhi inapata joto na kuinuka, na hewa baridi ya ziwani inakuja kujaza nafasi yake. Kwa hiyo kuanzia katikati ya asubuhi upepo hutoka ziwani kwenda nchi kavu, na alasiri unakuwa mkali zaidi. Alfajiri hali ni nyingine: ziwa limelala, matete hayatikisiki, na milima unaiona mara mbili, juu na ndani ya maji. Mkitoka saa 12:30 asubuhi mtayapita maziwa yote mawili kabla ya saa 2, na hiyo ndiyo saa yake. Mkienda kinyume mtayafikia mmechoka, upepo umeamka, maji yamegeuka rangi ya bati.

Tena angalia upande. Maziwa yote mawili yako ndani ya mzunguko wenu. Mahali ambapo magari hupita kushoto, kuzunguka kinyume cha saa kunaliweka ziwa upande wenu wa barabara, hakuna gari kati yako na maji, na kona kubwa zote zinakuwa za kushoto, hivyo hamkati barabara mbele ya magari. Mahali ambapo magari hupita kulia, mambo ni kinyume chake. Kwenye ramani yako, kuanza na maziwa ndiko kuzunguka kinyume cha saa. Lakini kuwa upande wa maji kuna hatari yake: upepo wa ziwani ukiamka utakupiga ubavuni na kukusukuma kuelekea katikati ya barabara. Ndiyo maana nasisitiza saa 12:30, si saa 3. Kama mmoja wenu ni mtu wa kuchelewa, mpigieni simu mapema au muondoke.

Sasa hizo mita 480. Usizishike kama msahafu. Ramani nyingi za simu hutegemea vipimo vya rada vilivyochukuliwa na chombo cha angani Endeavour kwa siku 11 za Februari 2000. Ile rada ilipopiga juu ya msitu mnene haikupenya hadi chini. Sehemu kubwa ilirudi kutoka kwenye matawi. Kwa hiyo penye ukingo wa msitu, mchoro wa njia unaweza kuonyesha ukuta wa ghafla ambao kumbe ni urefu wa miti. Kwenye mchoro wako kuna ukuta wa namna hiyo kilomita ya 18. Nimeulinganisha na mistari ya kontua, ile inayounganisha mahali penye kimo sawa, na siuamini. Usiuogope.

Ninachokiamini zaidi ni vijito. Barabara ya kando ya ziwa watu huidhania ni tambarare kwa sababu maji ni tambarare, lakini ziwa hulishwa na vijito, na kila kijito kimejichimbia kibonde chake. Hesabu mistari ya buluu inayokata njia yenu: iko saba. Kila mmoja ni kushuka na kupanda mita 15 hadi 20. Hapo ndipo zinapotoka mita 120 ambazo programu inazihesabu kabla hamjauona mlima. Mtego wake ni huu: unashuka kwa raha, unafika kwenye daraja ukiwa na gia nzito, mlima mfupi unakukamata, unabadilisha gia huku umekanyaga kwa nguvu zote, mnyororo unalia, unaruka, wakati mwingine unatoka kabisa. Badilisha gia kabla ya daraja, pedali ikiwa nyepesi. Ukilizoea hilo kwenye kijito cha kwanza, vile sita vinavyobaki vitakuwa mchezo.

Kuhusu neno "wastani", kila programu ina wastani wake. Mimi hugawa mita za kupanda kwa kilomita za safari. Chini ya 8 naita laini. Kati ya 8 na 15 ndio wastani. Zaidi ya 15 ni safari ya mtu aliyejiandaa hasa. Yenu ni 480 kwa 42, yaani 11 na kidogo. Umo ndani ya wastani, na kwa kuwa kupanda kwenyewe kumetawanyika vizuri mkifuata upande ninaokushauri, sioni sababu ya kukuzuia.

Wiki nne hizo zitumie hivi. Jumamosi ya kwanza nenda kilomita 22, ya pili 27, ya tatu 32. Ya nne rudi 15 tu ili miguu iingie safarini ikiwa imepumzika. Katikati ya wiki tafuta kilima kimoja, hata kiwe kifupi, ukipande mara nne au tano kwa gia nyepesi ukiwa umekaa. Kipimo chako kiwe maneno: kama unaweza kusema sentensi nzima bila kukatisha, mwendo ni sahihi. Kama unajibu kwa neno mojamoja, punguza. Na angalia kimo cha kiti. Kaa, weka kisigino juu ya pedali iliyo chini kabisa; mguu unapaswa kunyooka. Ukija kuendesha kwa mbele ya unyayo, goti litabaki limekunjika kidogo, na hivyo ndivyo inavyotakiwa. Magoti mengi yanayolaumiwa mlima, kosa ni la kiti kilichoshuka.

Msituni sasa. Hapa ndipo ninapokuomba unisikilize kwa makini, maana msitu ni mzuri kiasi kwamba mtu husahau kutazama chini.

Niliwahi kuingia msituni kutoka kwenye jua kali nikiwa nimevaa miwani myeusi, kwa mwendo wa kawaida tu. Ghafla sikuona kitu. Macho yalikuwa bado ya juani. Mzizi mmoja, mnene kama mkono, ulikuwa umekatiza njia kwa mshazari, umelowa na umesuguliwa na magurudumu hadi unang'aa. Gurudumu la mbele liliupanda na kuteleza kandokando yake kama sabuni, nami nikaanguka bila hata kupata nafasi ya kushika breki. Bega lilichukua miezi miwili kupona. Tangu siku hiyo huvua miwani mita 50 kabla ya kivuli na kupunguza mwendo hadi macho yazoee. Mzizi huukata kwa pembe ya mraba, usukani umenyooka, bila breki, nikiwa nimeinuka kidogo kwenye kiti ili baiskeli icheze chini yangu. Madaraja ya mbao nayo ni hivyohivyo. Majani yaliyolowa yahesabu kama mafuta: usikate kona juu yake, wala usishike breki juu yake.

Kule kupanda kwenyewe kutakuwa na kivuli, na ndani ya msitu hewa ni tulivu. Tulivu maana yake jasho halikauki. Utalowa bila kujisikia una joto kali. Kunywa kabla hujasikia kiu, mafunda machache kila dakika 10 au 15. Nusu lita kwa saa ndiyo ya chini kabisa, na siku ya joto fikisha robo tatu. Kwa safari yenu beba lita 2. Msitegemee ziwa. Maji yake hayanyweki bila kuchemshwa au kutibiwa, na katika nchi nyingi za joto maji ya kandokando yana konokono wanaobeba minyoo ya kichocho, ambayo viluwiluwi vyake hutoka kwenye konokono na kupenya kwenye ngozi. Najua itakujia hamu ya kuchovya miguu. Ivumilie, isipokuwa wenyeji wa pale wamekuhakikishia.

Chakula nacho kisisubiri njaa. Baada ya saa ya kwanza mwili unahitaji gramu 30 hadi 60 za wanga kila saa. Ndizi moja ya wastani ina gramu 25 hivi. Kula moja chini ya kilima kabla ya kuanza kupanda, nyingine juu.

Juu kwenye mgongo wa kilima, kilomita ya 26 hivi, ramani inaonyesha miti inakatika upande wa kushoto na kontua zinabanana. Hapo pana pengo. Simameni. Kama hakuna ukungu, maziwa mliyoyapita asubuhi yatakuwa chini yenu, yote mawili kwa pamoja. Mkienda upande wa pili mtayaona pia, lakini mtakuwa mnaangalia kazi iliyobaki. Mkifuata ushauri wangu mtakuwa mnaangalia mlikotoka, na hapo mtu hukaa robo saa nzima bila kusema neno. Kaeni, lakini vaa koti jepesi la kuzuia upepo. Joto la hewa hupungua kama digrii 0.65 kila mita 100 unazopanda, na wewe umelowa jasho, na mnakaribia kuteremka.

Mteremko huu wa asilimia 9 ndio bei ya kuanza na maziwa, na hapo wenzako wana hoja ya kweli. Ukiiachia baiskeli itapita kilomita 40 kwa saa bila kukanyaga, kwenye udongo, chini ya miti. Usiiachie. Punguza mwendo kabla ya kona, si ndani ya kona. Macho yatazame kule unakotaka kutokea, maana gurudumu hufuata macho. Breki ya mbele ndiyo yenye nguvu, lakini kwenye udongo uliolegea ishike kwa vidole viwili tu, pamoja na ya nyuma, taratibu. Usizishikilie moja kwa moja kutoka juu hadi chini. Kushusha kilo 80 kwa mita 270 ukijizuia na breki kunatoa joto la kuchemsha karibu nusu lita ya maji, na kama breki zako ni za mpira, joto hilo linaingia kwenye rimu, linafika kwenye tyubu. Shika, achia, shika, achia. Simameni mara mbili njiani, mpumzishe vidole. Kama mvua imenyesha usiku, shukeni na mtembeze baiskeli kwenye zile kona tatu za mwanzo, ambazo kwenye ramani ndizo kali kuliko zote.

Tairi zako za milimita 40 zinafaa sana kwa njia hii. Wengi huzijaza hadi ziwe ngumu kama jiwe, kisha wanashangaa mikono inauma na baiskeli inarukaruka. Kwa mtu wa kilo 65 au 70, PSI (kipimo cha presha ya hewa) 35 hadi 45 zinatosha, ya nyuma ikizidi ya mbele kidogo. Huna kipimo? Bonyeza tairi kwa kidole gumba: libonyee kidogo na kurudi. Likibonyea hadi ukahisi rimu, limepungua. Beba tyubu moja ya akiba, viraka, gundi yake, vyuma vya kuchomolea tairi na pampu, na siku moja kabla ya safari litoe gurudumu la nyuma nyumbani ulirudishe mwenyewe. Pancha msituni si mahali pa kujifunzia.

Zile kilomita 10 za mwisho ni za mahali pa wazi. Mtafika huko saa 4 hivi, na upepo utakuwapo. Ukienda kilomita 20 kwa saa dhidi ya upepo wa kilomita 15 kwa saa, hewa inakusukuma nyuma kwa nguvu mara tatu ya siku isiyo na upepo. Msishindane nao. Shusheni gia, jipangeni mstari mmoja, nyuma ya mwenzako kama mita moja, na mbadilishane wa mbele kila dakika tatu au nne. Aliyechoka zaidi akae wa tatu, katikati ya mstari, asipewe zamu ya mbele. Na wale wawili waliotaka mlima kwanza wapeni zamu ya kwanza kuongoza hapo. Kama nguvu walizozisema bado zipo, zitahitajika sana.